Mianzi Isiyo na Mama

Mimi ni mtu wa pupa, na afadhali niseme mapema. Mama anadai nilizaliwa njiani, mkunga akiwa bado anajifunga kitenge nyumbani kwake, na kwamba tangu siku hiyo sijawahi kumsubiri mtu kwa jambo lolote. Labda ndiyo maana nilifungua steshenari Tunduma, mji ambao kila mtu anasubiri. Madereva wa malori wanasubiri karatasi za forodha, mawakala wanawasubiri madereva, wabadilisha kwacha wanawasubiri wote. Nilikuwa na mashine ya kutolea kopi, kompyuta mbili, printa ya rangi niliyoipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, na modemu iliyoshika mtandao vizuri ukiiweka kwenye dirisha la upande wa Zambia. Waliochoka kusubiri waliingia kwangu.

Mmoja wao alikuwa dereva wa Tanga, mtu wa swala tano, ambaye lori lake lilikuwa limelala foleni siku ya nne. Alikaa kwenye kompyuta na hakufungua barua pepe wala matokeo ya mpira. Alifungua ramani. Nikamchungulia, kwa sababu kuchungulia skrini za wateja lilikuwa kosa langu la kila siku. Alikuwa akiweka alama za misikiti, mmoja baada ya mwingine, kando ya barabara ya kwenda Kongo.

"Hii ramani ya nani, kaka?"

"Ya watu, dada yangu. Anayejua kitu anakiweka. Mwenzangu akipita kesho anajua pa kuswalia na pa kuoga."

"Na ruhusa unaomba kwa nani?"

Aliacha kubofya, akanitazama vizuri. "Unajiandikisha, unachora. Basi."

Sijui niielezeje furaha iliyonishika. Mimi nilikua nikijua kwamba ramani ni karatasi iliyoviringishwa juu ya kabati la ofisi, na ukitaka kuiona unaandika barua, kisha unaambiwa mhusika yuko semina. Na hapa, kwenye meza yangu mwenyewe, milima na mito na mapaa ya nyumba yalikuwa yamelala wazi, yamepigwa picha kutoka angani, na mtu yeyote mwenye bando la wiki angeweza kuandika juu yake anachokijua. Dereva aliruhusiwa kuvuka mchana uleule. Mimi nilibaki nimekodoa macho, na mteja wa kopi za kitambulisho akanigongea meza mara tatu.

Katika wiki chache nikawa nimeichora nusu ya Tunduma. Niliweka stendi, soko, visima, na vile vichochoro vya kuelekea Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambavyo kila mtu anavijua na hakuna anayevitaja. Wateja wakaanza kuja na madai. Fundi cherehani mmoja alilalamika kwamba nimemweka upande usio wake wa barabara. Mzambia aliyekuja kuchapisha karatasi za mahindi alitazama nilivyouchora mtaa wao, akasema "natotela, mama", yaani asante kwa Kibemba, kisha akanisahihisha kuhusu bucha mbili. Waendesha bodaboda waliotoka Mkwajuni kufuata vipuri walinichorea kwa kidole njia za Galula ambazo gari haliwezi kupita. Nilikuwa na raha mpaka naona aibu. Mtu mzima, nina watoto wawili shule, nikiamka naiwazia ramani kabla sijakumbuka chai.

Sasa nieleze kuhusu nyumbani, maana huko ndiko jambo lenyewe liliko.

Wakati huo mkoa wetu bado ulikuwa Mbeya. Songwe kwetu lilikuwa jina la mto. Kijiji chetu kiko Ileje, milimani, upande wa Ikinga. Mama aliishi huko, na mdogo wangu wa kike alikuwa ameolewa hatua chache kutoka kwake, akiwa na mimba yake ya kwanza. Zahanati tulikuwa nayo, nesi tulikuwa naye, tena mzuri. Maji ndiyo hayakuwepo. Mwanamke akienda kujifungua, ndugu zake walimsindikiza na ndoo kichwani, na kama uchungu ulikuwa mrefu walirudi mtoni mara ya pili na ya tatu. Mwaka ule wakaguzi wa afya walifika, wakatazama chumba cha leba, wakamwambia nesi bila ukali wowote: mvua za kwanza zikianza kabla ya maji kutoka humu ndani, chumba kinafungwa, na akina mama watashuka hospitali ya Itumba. Kushuka Itumba maana yake pikipiki. Mimi ile njia nimewahi kuipita kwa pikipiki nikiwa sina mimba yoyote, na nilishuka nimeshika kiuno. Mdogo wangu alikuwa anatarajia kujifungua mvua zikianza.

Kinachouma ni kwamba maji yalikuwapo. Wakati wa ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, mimi nikiwa darasa la pili, wazungu na mafundi walitujengea mradi wa maji ya mserereko: chanzo juu mlimani, tanki, bomba lililofukiwa ardhini, koki shuleni na zahanati. Nilikunywa maji yale. Miaka ya tisini valvu zikaanza kukwama moja baada ya nyingine, vipuri havikupatikana, majani yakafunika chemba, yale mashimo ya zege yenye valvu, na koki zikawa za watoto kuchezea. Chanzo mpaka leo kinamwaga. Michoro iliondoka na wazungu. Injinia wa maji, mtu mwungwana lakini mwenye vijiji vingi kuliko mafuta ya gari, aliwaambia wazee wetu: "Nionyesheni chemba zilipo, nitaleta fundi na valvu. Mlima mzima siwezi kuuchimba."

Nikawa kila nikipata nafasi nafungua ramani ya kwetu, natazama vilima vile kutoka juu, kama vile bomba litanionea huruma lijitokeze. Asubuhi moja mzee mmoja aliingia na bahasha ya karatasi za kustaafu, anataka kopi. Alikuwa na miwani iliyofungwa uzi. Akaipita mashine ya kopi, akainamia skrini yangu.

"Hiyo si Ileje?"

"Umeijuaje, baba?"

"Kilima hicho nimekilalia tumbo miaka miwili. Nilikuwa fundi bomba."

Nilimkalisha kwenye kiti changu mwenyewe, jambo ambalo hata mume wangu hajawahi kufanyiwa. Tukahamia Kindali, lugha ya kwetu, nikawa namwita tata, yaani baba, nikaagiza chai. Akanisimulia kwa utulivu kwamba juu ya mgongo ule wa mlima enzi hizo mianzi haikuwepo kabisa; ilikuwa chini mtoni tu. Kwa hiyo kila alipomaliza kujenga chemba, alipanda mwanzi kando yake, ili siku ya kuitafuta auone kwa mbali. Mkubwa wake alimgombeza kwamba mizizi itapasua zege. "Nikamwambia, nitakayetumwa kuitafuta ni mimi, si wewe. Nilipanda saba, mwanangu. Kutoka tanki mpaka zahanati, saba."

Chai yake ilikuwa bado moto na mimi nilikuwa nimeshaanza. Mianzi inaonekana vizuri sana kwenye picha ya angani, kichaka chake kimejitenga, kibichi hata kiangazi. Nikaweka alama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikafika saba na vichaka vilikuwa bado vinaendelea. Nikafika ishirini. Nilipomaliza, ilikuwa kama sitini.

"Ni mingi mno," alisema mzee.

"Umesahau, tata. Ni miaka mingi."

Alitikisa kichwa, akakusanya karatasi zake. Ningekuwa mtu wa kusubiri, ningemuuliza zaidi. Badala yake nilichagua vichaka vilivyojipanga vizuri machoni pangu, nikaviunganisha kwa mstari wa buluu, nikaandika "bomba kuu la maji", nikabofya. Ikawa hewani, dunia nzima inaiona. Nikamtumia injinia linki, nikampigia mwenyekiti wa kijiji, nikampigia mdogo wangu nikamwambia aanze kufua nguo za mtoto.

Jumamosi kijiji kizima kilitoka na majembe. Walichimba mahali patatu nilipowaelekeza, na kwa simu nilifuata kila hatua kama mtu anayesikiliza mechi. Walipata mizizi, jembe lililovunjika mpini, na viazi vitamu vya mtu ambaye hakufurahi. Chemba hawakuipata. Jioni injinia akanipigia. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Dada, nimeitazama ramani yako pamoja na miinuko. Maji yako yanashuka, yanapanda, yanapumzika, kisha yanapanda tena."

Nilicheka naye, nikakata simu, nikalia. Nililia kwa hasira, maana nilikuwa nimewachosha watu wazima kwa ajili ya mbwembwe zangu. Mdogo wangu hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba upepo umeanza kubadilika huko juu, na kwamba mumewe amekwenda kuongea na mwenye pikipiki.

Mzee fundi alirudi siku mbili baadaye kwa sababu nilikuwa nimempunja kopi moja. Nikampigia shikamoo ya pili juu ya ile ya kwanza. "Nisamehe, tata. Ulisema saba. Sasa naifuta yote."

"Unafuta nini?"

"Mianzi. Yote niliyoweka."

"Je, haipo kweli?"

"Ipo. Lakini si yako."

"Kama ipo, usifute," alisema. "Bomba ndilo hujalichora. Mianzi umeichora vizuri. Na mwanzi haujipandi kwenye uwanja wa mtu. Kawaulize wenyewe."

Nikachapisha picha ya kijiji kwenye karatasi tisa kubwa, kila kichaka kina alama nyekundu, wino wa printa ukaisha kwenye ya mwisho. Nikaziunga kwa selotepu na kupanda gari la kwenda Itumba, halafu pikipiki, ramani nimeikumbatia. Niliichagua siku ya kliniki makusudi. Siku ya kupima watoto hakuna mwanamke wa kijiji anayekosekana zahanati: mwenye mtoto anakuja kupima, asiye na mtoto anakuja kujua habari.

Nesi aliniruhusu kuibandika ukutani, kwenye kivuli, karibu na mzani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, na hakuna aliyeyataka. Walikuwa wameshaona mapaa yao. Sijawahi kuona watu wakifurahi namna ile kwa kuona kitu walichotoka kukiacha asubuhi. "Bati langu jipya lile." "Ng'ombe wa baba mkwe wako wale, wamo kwenye mahindi ya mtu, sasa nani atakataa?" Mama mmoja aliweka kidole kwenye nyumba yake akafuata njia mpaka mtoni, mpaka shambani, mpaka kanisani, kimyakimya, kisha akarudi nayo yote mpaka nyumbani. Watoto walipimwa haraka siku ile.

Kisha mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni akagusa alama nyekundu. "Huu mwanzi ni wangu. Nilipewa na mama mkwe nilipoolewa."

"Na mimi nilipewa na wangu," mwingine akasema.

Nilikuwa nimeondoka kijijini nikiwa binti na kuolewa Tunduma, ndiyo maana sikujua. Desturi ilikuwa imeota nyuma yangu. Bibi harusi akifika, mama mkwe anamkatia chipukizi kutoka kwenye kichaka chake, naye anapanda kando ya nyumba yake mpya, na baada ya miaka miwili mitatu anakuwa na mianzi yake ya kusukia vikapu na nyungo, hamwombi mtu. Vichaka vyangu sitini vilikuwa vimezaliwa hivyo, kutoka kwenye saba vya yule mzee.

Hapo ndipo kichwa kilinichemka. Nilihisi joto mpaka masikioni. Kama kila mwanzi umetoka kwa mwingine, basi kila mwanzi una mama, na mama ana mama yake, na mwisho wa safari lazima tufike kwenye mianzi ambayo haikupewa na mtu. Nikawagawia kalamu.

"Chora mshale," nikamwambia yule kijana. "Kutoka kwako mpaka ulikotoka."

Ninawaambia, wanasheria wa ardhi wangejifunza pale. Hakuna aliyebahatisha. Mwanamke anaweza kusahau mwaka aliozaliwa lakini hasahau alipewa nini na mama mkwe, na akiwa amenyimwa ndiyo anakumbuka zaidi. "Mimi wangu alininyima," mmoja alisema, "nilichukua kwa wifi." Mshale ukaenda kwa wifi. Bibi mmoja asiyeona vizuri aliulizwa wake ulitoka wapi, akasema alikata mwenyewe kwenye kichaka cha mafundi wa maji, pale juu ya mwamba, mafundi wakiwa wanakula, na hakuomba. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikachora duara kuzunguka kichaka cha juu ya mwamba.

Kufikia mchana ukuta ulikuwa umejaa mishale, na mishale yote ilikuwa imekimbilia kwenye maduara sita. Ukiyatazama yalikuwa yanashuka kutoka tanki, moja chini ya lingine, bila kupanda popote, kwa upole kabisa, kama njia ya maji inavyotakiwa kuwa. Nilitaka kumkumbatia mtu. Nikamkumbatia nesi.

Lakini mzee alisema saba, na safari hii nilikuwa nimejifunza. Kati ya duara la sita na zahanati kulikuwa na pengo kubwa. Nikafuata mstari kwa kidole. Mishale minne ilikuwa imeanzia kwenye nyumba za wake wa kaka zangu na majirani zao, na yote ilielekea mahali pamoja ambapo hapakuwa na mwanzi wowote. Niliuliza, "Hapa mlikatia kwa nani?" Wifi yangu akawa anamfunga mtoto wake upya ingawa alikuwa amefungika vizuri. Ndipo nilipoona kidole changu kiko wapi. Kilikuwa juu ya bati linalong'aa, kwenye uwanja wa mama.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Alikuwa amemsindikiza mdogo wangu kliniki. Mama ni mtu wa maneno mengi, na ni hapo nilipotambua kwamba siku nzima hakuwa amesema hata moja.

Bati lile lilikuwa la jiko lake, na lazima nieleze kuhusu jiko hilo. Baba alipofariki, wapo waliotegemea mama atafungasha arudi kwao. Yeye alifyatua matofali. Alichota udongo, alichoma tanuri lake, aliuza kahawa na mbuzi akanunua bati, akajenga jiko la kuta nne lenye mlango wa kufunga na dari ya kukaushia mahindi. Kijijini kwetu jiko lilikuwa bado ni nyasi na miti. Wageni walikuwa wakipelekwa kwanza kuliona. Ni jengo pekee duniani ambalo mama aliweza kusema amelijenga yeye, tangu msingi mpaka kofia ya paa. Na ili kupata kiwanja chake, alikuwa ameng'oa kichaka kizima cha mianzi, kwa sababu ya nyoka.

Wanawake wote walijua. Walikuwa wanamwachia mwenyewe.

Aliinuka taratibu, akaninyang'anya kalamu. Mama hasomi, lakini hakuhitaji kusoma. Aliweka msalaba juu ya bati lake, akaukaza mpaka karatasi ikatoboka.

"Ulikuwa hapa," alisema. "Niliung'oa mimi." Kisha akawageukia wenzake. "Mnaniangalia nini? Tunaanza lini?"

Sikufurahi. Nataka niseme hivyo kwa sababu siku ile nilikuwa nimefurahi kwa mambo yote mengine. Nilikwenda nyuma ya uwanja wa mpira, penye mtandao wa uhakika, nikampigia injinia nikamuuliza kama tunaweza kulizungusha bomba. Alisema kama ni valvu ya mwisho, ndiyo inayogawa maji ya zahanati na ya shule, na kuzungusha ni bomba jipya ambalo hana. Nikarudi nikamwambia mama tuchimbe kwanza zile sita. Kama nimekosea tena, jiko lake libaki.

"Leo ndiyo umejua kusubiri?" alisema.

Zile sita zote zilikuwepo. Chini ya kila kichaka kisicho na mama, futi mbili ardhini, palikuwa na mfuniko wa zege, na mizizi haikuwa imepasua hata mmoja. Injinia alitimiza ahadi yake, akaleta fundi na valvu. Maji yakashuka kutoka chemba hadi chemba kwa siku tano, watu wakiyafuata kwa miguu juu ya ardhi, wakiinama kusikiliza. Kwenye ya sita yakasimama. Asubuhi iliyofuata mama alitoa sufuria zake, chungu, kinu na mahindi ya darini, akapanda ngazi mwenyewe kufungua bati la kwanza. Wanaume walitaka kumsaidia. Aliwaambia wasubiri chini wapokee.

Chemba ilikuwa chini ya mafiga. Miaka yote ile alikuwa akiwasha moto juu yake. Nilimpigia mzee fundi Tunduma, nikaweka simu kwenye spika juu ya rundo la matofali, na yule fundi kijana wa injinia akashuka shimoni.

"Imekaza," alisema.

"Usilazimishe," ikasema sauti ya mzee. "Hiyo niliifunga kinyume. Geuza kushoto. Robo. Irudishe. Tena robo."

Alikumbuka mkono wake ulivyogeuza valvu moja zaidi ya miaka ishirini nyuma. Bomba likakohoa, likatema hewa, likatema matope mekundu, na kutoka zahanati, mita mia mbili chini yetu, tukamsikia nesi anapiga ndoo kama ngoma. Nilikimbia kuteremka huku nimebeba kiatu kimoja. Koki ya leba ilikuwa inatapika maji ya rangi ya chai, halafu ya rangi ya majivu, halafu safi. Mdogo wangu aliweka mikono miwili chini yake na hakuitoa mpaka nilipomwambia atapata baridi.

Tunduma nilirekebisha ramani. Mstari wangu wa aibu niliufuta, nikaweka chemba saba na bomba lake, na mianzi yote nikaiacha palepale, maana ilikuwa kweli. Mzee alikuja akavaa miwani yake ya uzi, akataka aonyeshwe moja moja, polepole. Wakati huu nilimsubiri. Baada yake wakaja watu wa vijiji vingine wakiuliza kama nao wanaweza kubandikiwa vyao ukutani, na wiki nzima nilikuwa nachapisha vilima na kusahau kula.

Mdogo wangu alishikwa na uchungu asubuhi ya siku ambayo mawingu yalishuka mpaka kwenye paa la shule. Nilikuwa nimeshafika tangu juzi yake. Tulimpeleka kwa miguu, mikono mitupu, na njiani mama aligeuka mara mbili kutazama nyuma kama mtu aliyesahau mzigo. Kisha tukakaa benchini, mimi na yeye, nje ya dirisha la leba. Kwa muda mrefu tulisikia sauti ya nesi tu. Halafu koki ikafunguliwa, na maji yakaanza kupiga beseni.

"Unasikia?" mama akasema. "Jiko langu hilo."

Nilisogea karibu naye. Tulisikiliza mpaka beseni likajaa na koki ikafungwa, na katika ukimya ule mtoto akalia. Mama alifunga kitenge chake vizuri na kuondoka kwenda kupika uji wa mzazi, uwanjani, kwenye mafiga matatu yasiyo na paa. Mvua ilikuwa imeanza. Nilimfuata na mwavuli, nikaushika juu yake na sufuria yake mpaka uji ukaiva.